Mwongozo Kamili wa Ulezi wa Kisheria kwa Mtoto na kwa Mtu Mzima Asiyeweza Kujiamulia

Neno "mlezi" limetokana na kulea, na ndiyo sababu hutupotosha kidogo tunapoliingiza mahakamani. Bibi aliyemlea mjukuu tangu akiwa mchanga ni mlezi machoni pa kila mtu, ilhali mbele ya sheria huenda hana mamlaka hata ya kutia saini fomu ya upasuaji wa mtoto huyo. Kinyume chake, mtu ambaye hajawahi kumwogesha mtoto wala kumpikia anaweza kuwa mlezi wake halali kwa sababu tu jina lake limeandikwa katika amri ya mahakama. Mwongozo huu unahusu ulezi wa namna hii ya pili, yaani mamlaka ambayo sheria humpa mtu mmoja ili aamue kwa niaba ya mwingine ambaye ama hajafikisha umri, ama maradhi, ajali au ulemavu umemwondolea uwezo wa kuamua mambo fulani.

Mamlaka hayo ni ya kuazimwa. Sheria ya Kirumi ilikwisha kutenganisha usimamizi wa mtoto asiye chini ya mamlaka ya baba na usimamizi wa mtu mzima aliyerukwa na akili, na katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza ilijengeka kanuni kwamba dola ndiyo mzazi wa mwisho wa kila asiyeweza kujilinda, na mahakama hutekeleza wajibu huo kwa niaba ya dola. Kwa hiyo mahakama humwazima mlezi mamlaka, humdai hesabu, na inaweza kumnyang'anya siku yoyote ikiona anayatumia vibaya. Anayelishika wazo hili tangu mwanzo hatashangazwa na masharti yanayofuata, ambayo wengi huyaona kama usumbufu wa karani. Majina ya mahakama, ada na fomu hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini mpangilio wa hatua unafanana kwa kiasi kikubwa.

Kwanza, hakikisha kwamba ulezi ndio unaohitajika

Watu wengi huanza kwa kuuliza jinsi ya kuomba ulezi kabla ya kujiuliza kama wanauhitaji. Swali la kujiuliza ni moja: ni uamuzi gani hasa umekwama? Ikiwa shule inadai saini ya mzazi aliyesafiri kwa miezi 3, barua ya idhini iliyotiwa saini na mzazi huyo mbele ya wakili au ofisa anayetambuliwa hutosha mara nyingi, kwa kuwa mzazi yupo na hajapoteza haki yake. Ikiwa mzee hawezi tena kwenda benki lakini anajua fedha zake ni kiasi gani na anataka zitumikeje, anachohitaji ni mtu wa kumtuma. Kumtafutia mtu wa kumwamulia ni kumpokonya kile alichobaki nacho.

Kwa mtu mzima, njia mbadala iliyo bora kuliko zote ni hati ya uwakilishi, yaani maandishi ya kumruhusu mwingine atende kwa niaba yako, inayoendelea kutumika hata baada ya aliyeitoa kupoteza uwezo wake. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Katika nchi nyingi, hati ya kawaida ya uwakilishi hufa pale pale aliyeitoa anapopoteza uwezo, yaani huisha wakati ule ule inapohitajika zaidi, isipokuwa iwe imeandikwa kwa namna maalumu inayotambuliwa na sheria ya mahali husika. Uingereza na Wales, chini ya sheria ya uwezo wa akili ya mwaka 2005, hati ya namna hiyo lazima isajiliwe katika ofisi ya serikali inayosimamia mambo hayo kabla ya kutumika. Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba hati hii husainiwa na mtu mwenye akili timamu tu. Ukisubiri mpaka baba amesahau majina ya watoto wake, mlango huo umekwisha fungwa na kilichobaki ni mahakama. Ndiyo maana familia yenye mgonjwa aliyeanza tu kusahau isiahirishe jambo hili hata kwa mwezi mmoja.

Ziko njia nyingine ndogo ndogo ambazo hakimu mwenyewe atakuuliza kama umezijaribu. Nchini Marekani, kwa mfano, taasisi ya hifadhi ya jamii inaweza kumteua mtu wa kupokea malipo kwa niaba ya mhusika bila mahakama kuhusika kabisa. Mahali pengine sheria humruhusu mwenzi wa ndoa au ndugu wa karibu kuridhia matibabu ya dharura. Sheria ya Uingereza niliyoitaja inasema wazi kwamba uamuzi mmoja unaotolewa na mahakama yenyewe ni bora kuliko kumteua mtu wa kudumu, na kwamba akiteuliwa, mamlaka yake yawe finyu na ya muda mfupi kadiri inavyowezekana.

Fahamu ni ulezi wa aina gani unaouomba

Ulezi wa mtu unahusu makazi, matibabu, elimu na maisha ya kila siku. Ulezi wa mali unahusu fedha, ardhi, mafao, kodi za nyumba na madeni. Mahakama inaweza kumpa mtu mmoja yote mawili au kuyagawa, na kugawa huko si dalili ya kutoaminiwa: shangazi mwenye huruma na subira huenda ndiye anayefaa kukaa na mtoto, ilhali mjomba aliyezoea vitabu vya hesabu ndiye anayefaa kushika fedha alizoachiwa mtoto huyo. Kwa maoni yangu, palipo na mali ya maana, mgawanyo huu ni ulinzi mzuri kuliko viapo vyote, kwa sababu kila mmoja humwona mwenzake anavyofanya.

Kuna pia tofauti kati ya ulezi kamili na ulezi wa mambo yaliyotajwa, na kati ya ulezi wa kudumu na ule wa dharura ambao hutolewa haraka, kwa muda mfupi, ili kuokoa maisha au mali wakati ombi kamili linasubiri kusikilizwa. Ulezi usichanganywe na kuasili mtoto. Kuasili hukata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa na kumpa wazazi wapya, pamoja na haki za urithi kwa kadiri sheria ya nchi inavyosema. Ulezi hauukati uhusiano huo, na kwa kawaida mtoto hamrithi mlezi wake isipokuwa atajwe katika wosia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja katika kifungu cha 20 kafala ya sheria ya Kiislamu kama mojawapo ya njia za kumtunza mtoto aliyekosa familia, na kafala iko karibu zaidi na ulezi kuliko kuasili, kwa kuwa nasaba ya mtoto haibadilishwi.

Ulezi wa mtoto, hatua kwa hatua

Njia nyepesi huanza kabla ya msiba, kwa mzazi kumteua mlezi katika wosia au katika hati nyingine inayokubalika. Nchini Uingereza, sheria ya watoto ya mwaka 1989 inamruhusu mzazi mwenye mamlaka ya uzazi kufanya hivyo kwa maandishi yenye tarehe na saini, na kwa kawaida uteuzi huo huanza kufanya kazi pale ambapo hakuna mzazi mwingine aliye hai mwenye mamlaka hayo. Jambo hili huwashangaza wazazi waliotengana: kumteua dada yako katika wosia hakumwondoi baba wa mtoto ikiwa yu hai na ana haki zake kamili. Mwulize unayetaka kumteua kabla ya kuandika jina lake, na mteue mwingine wa akiba, kwa maana wa kwanza anaweza kufariki, kuhama au kukataa.

Pasipokuwa na uteuzi wa namna hiyo, mwombaji huenda mahakamani. Aanze kwa kukusanya nyaraka: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya vifo vya wazazi au ushahidi wa mahali walipo na sababu ya kutoweza kumlea, kitambulisho cha mwombaji, ushahidi wa makazi na kipato, barua za shule na za zahanati, na orodha ya mali yoyote ya mtoto. Majina yaandikwe sawasawa katika nyaraka zote. Herufi moja iliyokosewa katika cheti cha kuzaliwa imechelewesha kesi nyingi kuliko pingamizi la ndugu yeyote.

Baadaye huandikwa ombi na hati ya kiapo. Ombi lieleze mwombaji ni nani kwa mtoto, mtoto anaishi wapi na kwa nani, wazazi wako katika hali gani, mamlaka gani yanaombwa na kwa nini yanahitajika sasa. Epuka kuwasema vibaya wazazi zaidi ya inavyohitajika. Sentensi moja yenye tarehe, kwamba mama aliondoka mwezi fulani na hajawasiliana tangu hapo, ina uzito kuliko ukurasa mzima wa lawama, na tena mtoto anaweza kuisoma hati hiyo akiwa mkubwa.

Kinachofuata ni taarifa kwa wahusika. Mzazi aliye hai lazima aarifiwe hata kama hamjaonana kwa miaka 10, na kama hajulikani aliko, mahakama itaelekeza namna nyingine ya kumfikia, kama vile tangazo gazetini. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayobomoa amri nyingi baadaye, kwa sababu mzazi aliyenyimwa nafasi ya kusikilizwa ana hoja nzito ya kuomba amri ifutwe. Wakati huo huo, ofisa wa ustawi wa jamii, au yeyote anayefanya kazi hiyo katika nchi husika, huenda akatembelea nyumba, akazungumza na mtoto na kuandika taarifa. Usiipake nyumba rangi kwa ajili yake. Anachotazama ni mtoto analala wapi, anakula nini, nani anabaki naye mchana, na kama anaogopa kuzungumza mbele yako.

Hakimu hupima kila kitu kwa maslahi ya mtoto. Mkataba wa mwaka 1989 unayaita jambo la msingi, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unakaza zaidi kwa kuyaweka mbele kama ndilo jambo la msingi, tofauti ya neno dogo ambayo wanasheria wamekuwa wakiijadili tangu hapo. Mtoto mwenyewe ana haki ya kusikilizwa, na maoni yake hupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Hilo ni agizo la kifungu cha 12 cha mkataba wa 1989. Usimfundishe mtoto maneno ya kusema, kwa sababu mahakimu wameyasikia mara nyingi na huyatambua.

Ulezi wa mtu mzima, hatua kwa hatua

Hapa mwelekeo hugeuka. Mtoto huhesabiwa kuwa hana uwezo mpaka afikishe umri, ilhali mtu mzima huhesabiwa kuwa anao mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji. Uzee peke yake, ugonjwa wa akili peke yake, au kutojua kusoma, si ushahidi. Vilevile uamuzi wa kipumbavu si ushahidi wa kukosa uwezo, kwani watu wenye akili timamu hufanya maamuzi ya kipumbavu kila siku na hakuna anayewapeleka mahakamani.

Kinachopimwa ni uwezo wa kufanya uamuzi fulani kwa wakati fulani. Kipimo kilichoandikwa katika sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kimeeleweka hata nje ya nchi hiyo kwa sababu ya uwazi wake: je, mtu anaweza kuelewa taarifa zinazohusu uamuzi huo, kuzikumbuka kwa muda wa kutosha, kuzipima ili afikie uamuzi, na kuueleza uamuzi wake kwa njia yoyote ile, iwe kwa maneno, kwa ishara au hata kwa kukonyeza jicho? Mtu anaweza kushindwa kuelewa mkataba wa kuuza nyumba na bado akajua vizuri anataka kuishi na nani. Kwa hiyo unapompeleka mgonjwa kwa daktari ili aandikiwe taarifa, usiombe cheti kinachosema "hana uwezo" na kuishia hapo. Omba daktari aeleze ugonjwa, tarehe ya uchunguzi, mambo ambayo mgonjwa anaweza kuamua, yale asiyoweza, na kama hali inaweza kubadilika. Umpeleke saa ambazo huwa na nafuu, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kusahau huwa wazima zaidi asubuhi kuliko jioni, na hakikisha amevaa miwani na kifaa chake cha kusikia. Lingekuwa jambo la kusikitisha mtu apokonywe haki zake kwa sababu hakusikia swali.

Ombi huandikwa kwa mtindo ule ule, likiwa na taarifa ya daktari, orodha ya mali na madeni, majina ya ndugu wote wa karibu, na maelezo ya njia nyepesi zilizojaribiwa zikashindikana. Mtu mwenyewe lazima apewe taarifa, na apewe na mtu anayeweza kumweleza kwa lugha anayoielewa, si karatasi tu iliyoachwa mezani. Ana haki ya kuhudhuria, ya kupinga na ya kuwa na wakili, na mahakama nyingi humteulia mtu wa kumwakilisha asipoweza kujitafutia. Ndugu hupenda kusema kwamba kumleta mahakamani ni kumwaibisha. Ni kweli kwamba inauma. Lakini kuamuliwa bila kuonekana huuma zaidi, na hakimu aliyemwona mtu kwa macho yake huandika amri iliyo finyu na sahihi kuliko aliyesoma faili peke yake.

Ufinyu huo ndio mwelekeo wa sheria duniani kwa sasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unasema katika kifungu cha 12 kwamba watu hao wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba hatua zozote za kuusimamia uwezo huo ziwe za kiasi, za muda mfupi kadiri inavyowezekana na zenye kupitiwa mara kwa mara na chombo huru. Kamati inayousimamia mkataba ilikwenda mbali zaidi mwaka 2014 iliposema kwamba mfumo wa kuamuliwa na mwingine hauna budi kuachwa na nafasi yake ichukuliwe na kusaidiwa kuamua. Ujerumani ilikuwa imekwisha kufuta utaratibu wa kumtangaza mtu kuwa hana uwezo tangu mwaka 1992, na huko msaada uliowekwa na mahakama lazima upitiwe upya ndani ya miaka 7 kwa vyovyote vile. Peru ilibadilisha sheria yake mwaka 2018, Kolombia mwaka 2019, Hispania mwaka 2021. Nchi nyingine bado zina sheria za zamani zinazompokonya mtu kila kitu kwa saini moja. Hata huko, hakuna kinachokuzuia kuomba kidogo: taja katika ombi ni mambo gani tu unayohitaji kuamua, na mengine yaache mikononi mwa mwenyewe.

Wazazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili wanahitaji tahadhari ya pekee. Siku kijana wao anapofikisha umri wa utu uzima, ambao katika nchi nyingi ni miaka 18, mamlaka yao ya uzazi huisha hata kama jana yake walikuwa wakimvalisha viatu. Hospitali inaweza kukataa kuwapa majibu ya vipimo, na benki inaweza kukataa saini yao. Waanze kujiandaa mwaka mmoja kabla, na wajiulize kwanza kama kijana anaweza kuamua kwa kusaidiwa, kwa sababu wazazi waliozoea kuamua kila kitu mara nyingi huwa wa mwisho kuona kwamba anaweza.

Siku za kwanza baada ya amri

Isome amri neno kwa neno kabla ya kutoka katika jengo la mahakama, na omba nakala kadhaa zilizothibitishwa, kwa kuwa benki, hospitali, shule na mfuko wa pensheni kila kimoja kitataka ya kwake. Kama amri inataka dhamana, yaani ahadi ya kifedha kutoka kwa mdhamini kwamba hasara itafidiwa, mamlaka yako huenda yasianze mpaka dhamana iwekwe.

Mlezi wa mali huandika orodha kamili ya kila kitu na kuiwasilisha katika muda uliowekwa. Piga picha za nyumba, chukua taarifa za benki kuanzia siku ya amri, tafuta hati za ardhi, angalia bima zinazokaribia kuisha na kodi zinazodaiwa. Andika pia ulichokikosa: ikiwa inajulikana kwamba mama alikuwa na vito na havionekani, kiri hivyo katika orodha, la sivyo baada ya miaka 2 itasemwa kwamba wewe ndiwe uliyevichukua.

Fedha na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali msemo huu ulipo na ukweli kuliko katika ulezi. Fungua akaunti yenye jina linaloonyesha kwamba fedha ni za mwenye ulezi, yaani yule anayelelewa, na wewe ni msimamizi tu. Usiweke humo hata senti yako, wala usiweke ya kwake katika akaunti yako kwa usiku mmoja. Walezi wengi wanaoondolewa si wezi wa kukusudia; ni watu waliokopa kidogo kwa nia ya kurudisha, au walionunua vitu vya nyumba nzima kwa fedha za mmoja na baadaye wakashindwa kuonyesha sehemu ipi ilikuwa ya nani. Mchanganyiko ukishatokea, mahakama haina wajibu wa kuutatua kwa faida yako.

Kila matumizi yawe na tarehe, kiasi, sababu na risiti. Palipo pagumu kupata risiti, andika siku hiyo hiyo na umpe aliyelipwa asaini. Gharama za pamoja za nyumba zigawe kwa njia moja isiyobadilika, kwa mfano kwa idadi ya wakazi, uiandike njia hiyo, na uieleze katika taarifa yako ya kwanza ili kama hakimu haikubali ajue mapema. Malipo yako mwenyewe yasubiri ruhusa. Nchi nyingine huyaruhusu kwa kiwango, nyingine hurudisha gharama tu.

Kuna shughuli ambazo karibu kila mahali huhitaji kibali mahususi: kuuza au kuweka rehani ardhi, kukopa kwa jina la mwenye ulezi, kutoa zawadi, na biashara yoyote ambayo mlezi au jamaa yake ananufaika. Nyumba ya mtoto yatima ikiuzwa kwa shemeji yako, hata kwa bei nzuri, omba kibali na uambatishe tathmini ya mtu asiyehusika. Bei nzuri bila kibali bado ni kosa.

Taarifa ya mwaka ina sehemu mbili ambazo wengi huzichanganya: hesabu, na hali ya mtu. Katika hali ya mtu eleza anaishi wapi, afya yake, maendeleo ya shule au ya tiba, mara ngapi mmeonana kama hamwishi pamoja, na anachosema mwenyewe kuhusu maisha yake. Mlezi anayeandika mistari 2 kuhusu mtu na kurasa 6 kuhusu fedha humpa hakimu sababu ya kuuliza maswali.

Yasiyo ndani ya mamlaka ya mlezi

Yapo maamuzi ambayo ni ya mtu mwenyewe au hayafanywi kabisa. Sheria ya Uingereza inayataja baadhi: hakuna awezaye kuridhia ndoa au uhusiano wa kimapenzi kwa niaba ya mwingine, wala kumpigia kura. Mlezi pia hamwandikii wosia mwenzake kwa mapenzi yake. Matibabu yasiyorekebishika kama kufunga uzazi huhitaji, pale yanaporuhusiwa, mahakama yenyewe. Kumzuia mtu asionane na ndugu au rafiki ni jambo zito ambalo lisifanywe kwa hasira ya familia; likihitajika kwa sababu ya hatari halisi, omba maelekezo.

Ulimwengu ulijifunza mengi kuhusu upana wa mamlaka haya kutokana na mwimbaji Britney Spears, aliyewekwa chini ya usimamizi wa mahakama huko California mwaka 2008, baba yake akiwa msimamizi kwa sehemu kubwa ya muda huo, mpaka amri ilipofutwa Novemba 2021. Katika miaka hiyo alirekodi na kutumbuiza jukwaani. Aliyeweza kazi hiyo yote lakini hakuweza kujiamulia fedha zake aliwafanya wengi waulize swali ambalo lingepaswa kuulizwa kila mwaka: ni lini mara ya mwisho uwezo wake ulipimwa upya?

Ugomvi, na kuvuka mipaka

Ndugu anayeshuku mlezi aanze kwa kuomba kuona hesabu, na akikataliwa aiandikie mahakama akitaja matukio na tarehe. Mahakama inaweza kumtaka mlezi ajieleze, kumpunguzia mamlaka, kumwongezea mwenzake, au kumwondoa na kumdai fidia. Mlezi mwenyewe akichoka au akiugua anaruhusiwa kuomba kupumzishwa, lakini hawezi kuacha tu. Anabaki kuwajibika mpaka mwingine ashike nafasi.

Amri ya nchi moja haifanyi kazi yenyewe katika nchi nyingine. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1996 kuhusu ulinzi wa watoto na ule wa mwaka 2000 kuhusu ulinzi wa watu wazima hurahisisha kutambuliwa kwa amri baina ya nchi zilizoiridhia, na yote miwili huangalia zaidi mahali mtu anapoishi kwa kawaida. Kabla ya kuhama na mwenye ulezi, uliza kama nchi unayokwenda imo, na omba ruhusa ya mahakama iliyokuteua. Kumvusha mtoto mpaka bila ruhusa kunaweza kuhesabiwa kuwa utekaji hata kama nia ni njema.

Kufunga ulezi

Ulezi wa mtoto huisha anapofikisha umri, na katika sheria za nchi kadhaa hata mapema zaidi akifunga ndoa au akiasiliwa. Ulezi wa mtu mzima huisha uwezo ukirudi, kama inavyotokea kwa waliopata kiharusi au majeraha ya kichwa wakapona, na mwenyewe ana haki ya kuomba jambo hilo bila kusubiri mlezi wake akubali. Mlezi mwaminifu humsaidia kuandika ombi hilo hata kama hakubaliani nalo.

Kifo huukata ulezi papo hapo. Kuanzia saa hiyo akaunti si yako kuigusa, hata kwa gharama za mazishi, isipokuwa sheria ya nchi au mahakama iruhusu. Mali hukabidhiwa msimamizi wa mirathi, ambaye huenda ni wewe au ni mtu mwingine kabisa. Kwa vyovyote vile ulezi uishavyo, andika hesabu ya mwisho kuanzia siku ya amri hadi siku ya kukabidhi, kabidhi mali kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, kisha omba mahakama ikufungue rasmi na dhamana irudishwe. Mpaka amri hiyo ya kukufungua itoke, zitunze risiti zote mahali pakavu, na hata ikishatoka uzihifadhi kwa muda ambao sheria ya nchi inaruhusu madai, kwa kuwa kijana aliyekabidhiwa mali yake akiwa na miaka 18 anaweza kurudi na maswali akiwa na miaka 20.